Je, Wajua? Mbingu Zote Mbili Zinaonekana Kinama

Je, wajua kwamba kwa zaidi ya miaka 30 mtu wa Bujumbura hakuruhusiwa kutoka nje kuziona nyota za usiku wa manane? Nyota zenyewe hazikutajwa popote. Kilichokuwepo ni kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje iliyowekwa mwaka 1972 na kuondolewa Aprili 2006. Saa zake zilirefushwa na kufupishwa kadiri usalama ulivyokuwa, lakini usiku wa manane ulitakiwa uwe umeshafunga mlango. Kizazi kizima cha mitaa ya Kinama, Kamenge na Buyenzi kikakua kikiijua mbingu ya jioni tu; nyota zinazochomoza saa nane za usiku waliachiwa walinzi, askari na wezi. Na miaka ya 1990, vita vilipoingia kartiye za kaskazini, aliyeinua macho usiku hakuwa akiitafuta Zuhura.

Siku hizi kutoka ni ruhusa. Kinama haina kuba lenye darubini, wala foleni ya watoto wanaosukumana kuweka jicho kwenye kioo. Ila ina kitu ambacho wenye makuba Ulaya hawawezi kukinunua kwa bei yoyote, nacho ni mahali ilipo.

Kusini na kaskazini kwa mpigo

Kinama iko zaidi kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Mtu wa London asiposafiri atakufa hajauona Msalaba wa Kusini. Mtu wa Cape Town naye haziambulii zote nyota saba za Dubu Mkubwa, maana baadhi yake hazivuki kabisa upeo wa macho wake. Sasa toka nje Kinama mwezi wa Mei, saa tatu za usiku, mvua ikiwa imeliosha anga. Elekea kusini: Msalaba huo umesimama. Geuka nyuma: Dubu Mkubwa naye yupo, kichwa chini miguu juu. Nyosha mkono, kunja ngumi, upime kuanzia chini ya anga. Ngumi moja ni kama nyuzi 10. Msalaba utakuta uko ngumi tatu, na Dubu ngumi tatu hivi. Wanatazamana kama majirani wa pande mbili za avenyu, wewe ukiwa katikati ya barabara.

Nyota moja tu yenye jina kubwa ndiyo inayokosekana, Nyota ya Kaskazini, ile inayowaongoza mabaharia wa huko juu. Hiyo haichomozi Kinama, haichomozi Kirundo, haichomozi popote Burundi. Inazunguka chini ya ardhi mwaka mzima, nyuzi chache tu chini ya upeo. Faida yake ni kwamba hapa karibu hakuna nyota zinazozunguka mahali pamoja kama ng'ombe wa kukamua mafuta. Karibu zote hupanda kutoka mashariki zikiwa wima, zikapita juu, zikashuka wima magharibi.

Je, wajua unaweza kuona galaksi tatu nyingine, mbali na hii yetu, kwa macho matupu kutoka uwanja mmoja? Mwanzoni mwa Septemba, saa tisa na nusu za usiku, saa zile zile ambazo zamani zingekufikisha kwa askari, Andromeda iko upande wa kaskazini, na yale Mawingu mawili ya Magellan yako kusini, chini chini. Mawingu hayo yako umbali wa miaka ya nuru kama 160,000 na 200,000. Andromeda iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Mzungu wa Stockholm ana Andromeda lakini hana Mawingu. Mtu wa kusini kabisa mwa Chile ana Mawingu, na Andromeda kwake haiinuki ikaonekana. Sharti ni giza. Kwenye mtaa wenye taa hutaona hata moja kati ya hizo tatu, na hapo ndipo umeme kukatika, jambo ambalo hakuna mtu wa Bujumbura anayelishangilia, huwa na heri yake ndogo.

Macho nayo yanataka muda. Yanahitaji dakika 20 hadi 30 yalizoee giza, na kuwasha simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo. Watazamaji wazoefu hufunika tochi kwa kitambaa chekundu, kwa sababu mwanga mwekundu hauyaharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza.

Jua linalowahi kuzama

Jua la Kinama haliendi kuzama baharini kama la watu wa pwani. Linazama Kongo, nyuma ya milima iliyo juu ya Uvira, ambayo vilele vyake vinapita mita 3,000, wakati ziwa liko kwenye mita 770 na kidogo. Ukuta huo unalimeza jua mapema, kama robo saa hivi kabla ya wakati ambao lingezama nchi ingekuwa tambarare. Asubuhi, milima ya mashariki inalichelewesha. Mji wote uko ndani ya bakuli.

Kisha giza linaingia kwa haraka. Jua la ikweta linashuka moja kwa moja, kwa hiyo kutoka kuzama hadi giza totoro ni kama saa moja na robo. Kule London mwezi wa Juni giza hilo halifiki kabisa, na wenye darubini wanapiga miayo hadi usiku wa manane wakingoja anga lililokataa kuwa jeusi. Kinama saa mbili za usiku kazi imeshaanza.

Hapa kuna jingine ambalo mtu hulifikiria mara chache. Saa ya Bujumbura ni ya kweli kuliko saa za majirani wengi. Burundi inafuata saa ya Afrika ya Kati, na mji uko karibu kabisa na mstari ambao saa hiyo ilitengenezewa, kwa hiyo kwa wastani jua linafika katikati ya anga saa sita na dakika mbili za mchana. Dar es Salaam linachelewa dakika 23 hivi, Nairobi zaidi ya nusu saa. Wanaohesabu saa moja kuwa saa ya kwanza ya mchana, kama tunavyohesabu sisi, wana haki zaidi Kinama kuliko Mombasa. Na mara mbili kwa mwaka, tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba hivi, jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa: simika fimbo uwanjani, na kivuli chake kitajificha chini yake.

Mwezi, ndagala na Apollo

Mwezi wa Kinama umelala. Mwezi mwandamo wa Ulaya husimama kama mundu uliotundikwa ukutani. Wa kwetu hulala chali kama mtumbwi, pembe zote mbili juu, ukiinama kidogo tu kulingana na msimu. Sababu ni ile ile: karibu na ikweta mwezi unalifuata jua ukiwa juu yake, hauko ubavuni mwake, kwa hiyo upande unaomulikwa ni wa chini. Hilali zilizowekwa pembe juu kwenye minara ya misikiti zinafanana na mwezi wa hapa kuliko na ule unaochorwa kwenye vitabu vya watoto vinavyotoka Paris. Waislamu wa Buyenzi na Kinama wanaoutafuta mwandamo wa Ramadhani wana tatizo jingine, nalo ni ukuta ule wa Kongo. Mwezi mchanga huwa nyuzi chache tu juu ya jua lililozama, na milima inaweza kuumeza kabla jicho halijaukamata.

Lakini anayeujua mwezi kuliko wote Bujumbura ni mvuvi wa ndagala, ambao Tanzania wangewaita dagaa. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawakusanya wadudu na vijidudu wa majini, samaki wanafuata, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linakuwa na taa moja kubwa isiyo ya mtu, samaki wanatawanyika, na wavuvi wanapumzika hadi giza lirudi. Mama anayenunua ndagala mbichi sokoni Kinama anaweza kukwambia mwezi uko wapi bila kuinua kichwa.

Na hapa kuna kichekesho ambacho sijawahi kumsikia mtu akikicheka. Vyombo vikubwa vya uvuvi huo upande wa Burundi, mitumbwi iliyounganishwa ikabeba wavu mpana wa kuinua, vinaitwa Apollo. Ni jina lile lile la vyombo vilivyowafikisha Wamarekani mwezini Julai 1969. Ya Wamarekani iliufuata mwezi. Ya Ziwa Tanganyika inaukimbia.

Jina la mwezi limewahi pia kumchanganya mgeni. Kwa Kirundi mwezi ni ukwezi, na wafalme wa Burundi walipokezana majina manne, Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Oscar Baumann, Mwaustria, alipoivuka nchi Septemba 1892, umati ulimpokea kwa nyimbo na vigelegele ukimwita Mwezi, kana kwamba mfalme wa kale amerudi. Aliposikia milima ya hapa inaitwa ya Mwezi, akaamini ameipata ile Milima ya Mwezi ya Ptolemy, msomi wa Alexandria wa karne ya 2, na chanzo cha Nile pamoja nayo. Mwezi Gisabo, mfalme mwenyewe, alikuwa hai wakati huo huo na hakuwa na habari kwamba amerudi. Wengi leo wanaitambua milima ya Ptolemy kuwa Rwenzori, ingawa chanzo cha kusini kabisa cha Nile kiko kweli Burundi, upande wa Rutovu. Baumann hakukosea yote.

Mstari uliopita karibu na Gitega

Mnajimu David Gill, aliyeanza kuongoza kituo cha kutazamia nyota cha Cape Town mwaka 1879, alitaka ipimwe dunia kwa mstari mmoja kutoka Afrika Kusini hadi Misri, kwenye longitudo ya 30 mashariki. Mstari huo unapita Burundi, kilomita chache tu kutoka Gitega. Gill alifariki mwaka 1914. Kazi ilikamilika mwaka 1954. Ramani nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania zilizochorwa baadaye zinasimama juu ya hesabu zake. Kituo chake cha Cape Town kilianzishwa mwaka 1820, na hadi leo kina jioni za Jumamosi ambapo mwananchi anakaribishwa kutazama.

Vinavyoanguka na vinavyorushwa

Je, wajua mtoto wa Uganda aliwahi kupigwa kichwani na jiwe la kutoka angani akabaki mzima? Tarehe 14 Agosti 1992, mchana, kimondo kilipasuka juu ya Mbale na mawe mamia yakamwagika juu ya mji na mashamba. Yaliyookotwa yalifika kama kilo 150, moja likiwa na kilo zaidi ya 27. Kipande kilichompata mvulana huyo kilikuwa na gramu 3.6 tu, na kabla ya kumfikia kiligonga jani la mgomba likakivunja kasi. Sijui mti gani mwingine ungefaa zaidi kwa kazi hiyo katika nchi zetu za maziwa makuu.

Kimondo cha Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania, hakingezuiliwa na mgomba. Kina urefu wa mita 3 hivi na uzito wa tani 16 hivi, karibu chote chuma na nikeli. Hata unapokigusa wakati wa jua kali kinakumbusha nyundo kuliko jiwe.

Kutoka chini kwenda juu, habari kubwa ni ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na hapo. Waliipa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta mionzi ya eksirei kutoka angani peke yake, na ilikusanya orodha ya vyanzo 339. Vipimo vyake ndivyo vilivyosaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Neno la Kiswahili liko hivyo kwenye msingi wa elimu ya mashimo meusi, na wanafunzi wetu wengi hawajaambiwa.

Jingine liko juu yetu sasa hivi. Mwaka 2019 kila nchi ilipewa na Umoja wa Kimataifa wa Wanajimu nafasi ya kuipa jina nyota moja na sayari yake. Tanzania ilichagua Mpingo kwa nyota na Tanzanite kwa sayari. Mpingo hupita karibu na utosi wa Kinama, ila ni hafifu mno kwa macho matupu. Inataka darubini ya kweli.

Umeme wa Kabare

Watu wa kabare, yaani baa, za Kinama, wakiwa na mishikaki ya mbuzi na bia ya Primus, wanaujua mwanga unaomemetuka nyuma ya milima ya Kongo usiku kucha bila sauti. Ni radi za mbali. Mwanga wake huonekana kwa zaidi ya kilomita 100, ngurumo hazifiki hata 25. Mwaka 2016 watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti walitangaza sehemu zinazopigwa na radi kuliko zote duniani. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili, kwa radi kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, iko Kivu Kusini, na inaitwa Kabare. Kwa mtazamaji wa nyota huu si uzuri wa bure: mwanga huo ukianza kumemetuka, kunja mkeka.

Nani afungue mlango

Griffith J. Griffith alikuwa tajiri wa Los Angeles, na hakuwa mtu mwema. Mwaka 1903 alimpiga mke wake risasi; mke akapona, yeye akafungwa karibu miaka miwili. Alipotoka alitazama ndani ya darubini kubwa ya Mlima Wilson, akatoka na wazo kwamba kila mtu anapaswa kuona alichokiona. Mwaka 1912 aliuahidi mji fedha za kujenga mahali pa umma pa kutazamia nyota. Wapo waliokataa pesa za mtu wa namna hiyo. Alikufa mwaka 1919, na jengo likafunguliwa mwaka 1935 kwa fedha alizoacha. Kiingilio ni bure mpaka leo, na ndani ya kuba lake kuna darubini ya Zeiss ya inchi 12 ambayo mamilioni ya watu wamechungulia.

Afrika Mashariki imechukua njia mbili. Ethiopia ilijenga juu ya mlima: Entoto, juu ya Addis Ababa, kwenye mita 3,200, ziko darubini mbili zenye kioo cha mita moja kila moja. Ubaya ni kwamba mji ulio chini unakua, na taa zake zinapanda mlima. Kenya, Susan Murabana na Daniel Chu Owen waliamua darubini ndiyo isafiri. Mradi wao, Travelling Telescope, hubeba chombo hadi shule za vijijini, unakisimika uwanjani, na watoto wanapanga mstari. Kwa mtazamo wangu hii ya pili ndiyo inayofaa Kinama. Kuba linataka ardhi, bajeti na mkuu wa kukata utepe. Darubini ya kubebeka inataka kiti kimoja cha pikipiki, na kumjulisha shefu wa kartiye mapema, kwa sababu chombo kirefu kilichoelekezwa juu, karibu na uwanja wa ndege, kitaulizwa maswali.

Na hata hiyo ikikosekana, darubini ya macho mawili ya kawaida, iliyoandikwa 10x50, ukiiegemeza juu ya ukuta isitikisike, itakuonyesha miezi minne ya Mshtarii ikiwa imejipanga kama shanga. Ndiyo aliyoanza kuiona Galileo tarehe 7 Januari 1610, kwa chombo kilichokuza mara 20 tu na kioo kibovu kuliko chako. Pete za Zohali zinahitaji zaidi, kukuza mara 25 au kuzidi. Machi 2025 pete hizo zilituelekea kwa ukingo zikawa kama zimefutika. Tangu hapo zinafunguka tena mwaka hadi mwaka.

Kupatwa kwa mwezi hakutaki chombo chochote. Jumapili tarehe 7 Septemba 2025 mwezi uligeuka mwekundu juu ya Bujumbura kuanzia saa moja na nusu za usiku, ukabaki hivyo kwa dakika 82. Kuko kwingine kwa kuwekea alama kwenye kalenda: Jumapili tarehe 31 Desemba 2028. Kivuli cha dunia kitakuwa kimeufunika mwezi wote kuanzia saa kumi na mbili na robo jioni, kabla hata haujavuka milima ya mashariki. Kwa hiyo mtu wa Kinama hatauona ukiliwa kipande kwa kipande. Utamtokea nyuma ya milima ukiwa tayari mwekundu na hafifu, mwanga wa jioni ukiwa bado haujaisha, na pengine atautafuta dakika nzima kabla ya kujua anachokiangalia. Saa moja na nusu ukingo wake utaanza kung'aa tena, na saa mbili na nusu hivi utakuwa mzima, muda mwingi ukibaki kabla ya mwaka mpya kuingia.